Baada ya Muujiza, Nani Ataleta Chakula?



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba tufungue Injili ya Marko, sura ya 5, kuanzia aya ya 21 mpaka ya 43. Kama Biblia iko mbali, ipo kwenye simu yako hiyo hiyo unayosomea hapa. Isome kwanza, halafu urudi tuendelee.

Ni habari tunayoijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Yairo, mkuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pa Yesu kwa sababu binti yake yu mahututi. Wakiwa njiani, mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi la Bwana na kupona. Kabla hawajafika, ujumbe unakuja kwamba binti amekwisha kufa. Yesu anaendelea na safari, anaingia chumbani, anamshika mkono yule mtoto wa miaka 12, naye anasimama na kutembea.

Mahubiri mengi huishia hapo. Tunapiga makofi, tunaimba, tunakwenda nyumbani. Lakini Marko hakuishia hapo. Kuna mambo mawili ameyaweka kwenye habari hii ambayo sisi huyaruka, na yote mawili yanahusu hela na chakula.

La kwanza liko aya ya 26. Marko anatuambia kwamba yule mwanamke alikuwa ameshahangaika kwa waganga wengi, na ametumia kila alichokuwa nacho, na hakupata nafuu. Tafakari kidogo. Mwinjili huyu ana haraka kuliko wenzake wote, Injili yake ndiyo fupi kuliko zote nne, lakini amepata nafasi ya kuandika kwamba mgonjwa alifilisika. Kwa Marko, kufilisika kwa sababu ya ugonjwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

La pili liko mwisho kabisa, aya ya 43. Mtoto amefufuka, watu wameduwaa, na Yesu anawaagiza wampe kitu cha kula. Basi. Hiyo ndiyo sentensi ya mwisho ya sura. Jamani, aliyemrudishia mtoto uhai angeshindwa kumpa mkate? Asingeshindwa. Lakini kazi hiyo aliwaachia waliokuwamo chumbani: baba, mama, na wanafunzi watatu. Kumfufua ilikuwa kazi yake peke yake. Uji ulikuwa kazi yao.

Nimekuwa nikilitafakari neno hilo tangu nilipofika hapa Madungu, Chake Chake, kisiwani Pemba, kwa mwaka wangu wa kichungaji. Kwa wasiopafahamu, Pemba ni sehemu ya Jimbo Katoliki la Zanzibar, na sisi Wakatoliki hapa ni wachache mno. Wengi wetu tumetoka bara: walimu, askari, wauguzi, mafundi, wafanyabiashara ndogondogo. Jirani zetu karibu wote ni Waislamu, na mwezi wa Ramadhani futari inatufikia mlangoni bila kuombwa.

Hospitali ya Chake Chake ipo hapa hapa mjini, imepakana na ngome kongwe ambayo sasa ni makumbusho. Sehemu ya ngome hiyo ilibomolewa zamani, hospitali ikajengwa. Mimi napenda sana jambo hilo: mahali palipojengwa kwa ajili ya vita, leo mama anapita na mtoto mgongoni kwenda kutafuta dawa.

Sasa nisikilizeni. Vijana wetu hapa walikuwa wamechanga fedha kwa ajili ya fulana za sare. Mmoja akauliza kama fedha hizo, au nusu yake, zinaweza kwenda kwa watoto wagonjwa. Tulibishana Jumapili mbili nzima, na si ubishi wa utani, watu walinuna. Naleta hoja zile hapa kwa sababu nina hakika na kwenu zipo.

Hoja ya kwanza: "Frateri, hospitali ni kazi ya serikali."

Ni kweli, na tusiiondolee serikali wajibu wake. Kudai dawa, madaktari na vitanda ni haki ya raia, na Mkristo anayenyamaza wakati haki inakosekana hajawa mtakatifu kwa ukimya wake. Lakini dada mmoja muuguzi, aliyekuwa amekaa nyuma kimya muda wote, alisimama akatuambia: "Msilete biskuti. Leteni nauli."

Akatufafanulia. Mtoto anaweza kutibiwa bure kabisa, na bado familia ikashindwa. Mtoto wa Pemba akipewa rufaa, safari ni gari mpaka bandarini, boti mpaka Unguja, na wakati mwingine boti nyingine mpaka Dar es Salaam, kwenye hospitali kama Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Dawa inaweza kuwa bure, lakini boti si bure. Mama lazima ale, alale mahali, awe na vocha ya kumpigia baba. Nyumbani ameacha wengine watatu, na shamba halilimwi. Tena kuna siku ya kuruhusiwa: mtoto kapona, karatasi imesainiwa, na mama anabaki ameketi kwenye benchi kwa sababu hana cha kumrudisha kwao. Akiambiwa arudi baada ya mwezi kwa uchunguzi, harudi. Ugonjwa unarudi badala yake.

Mnaona? Ni aya ya 26 ile ile. Familia imetumia kila ilichokuwa nacho. Hiyo nafasi kati ya matibabu na nyumbani hakuna bajeti inayoijaza yote, na hapo ndipo jumuiya inapotakiwa kusimama. Muujiza wa daktari umefanyika. Chakula je?

Hoja ya pili: "Watoto wale si wa kwetu. Na tukienda, watasema tunawavuta watu dini."

Hii ilikuwa nzito zaidi, na haikutoka kwa mtu mbaya. Lakini mtazameni Yairo. Alikuwa mkuu wa sinagogi, si mfuasi wa Yesu. Bwana hakumwambia ajiunge kwanza, wala hakumpa masharti baada ya mtoto kupona. Tena aliwakataza wasitangaze. Huyo ndiye Bwana wetu: anaponya na kufunga mlango.

Kuna mfano wa karibu na zama zetu. Mkesha wa Noeli mwaka 1952, padre mmoja kutoka Uswisi, Ernst Schnydrig, alikuwa Bethlehemu. Karibu na kambi ya wakimbizi alimwona baba wa Kipalestina akimzika mtoto wake kwenye matope, mtoto aliyekufa kwa kukosa matibabu. Fikiri: Bethlehemu, usiku wa Noeli. Padre yule alishirikiana na wenzake wachache wakapanga nyumba, wakaweka vitanda 14. Hiyo ndiyo Caritas Baby Hospital, ambayo mpaka leo inawatibu watoto wa Bethlehemu na maeneo ya jirani, Waislamu na Wakristo, bila kuulizana. Na mojawapo ya vitu vinavyoiendesha ni sadaka za Misa za Noeli makanisani kule Uswisi. Watu wanaimba mbele ya pango la Mtoto Yesu, kisha wanachangia watoto walio hai katika mji aliozaliwa. Ibada na mchango havijatenganishwa.

Na sisi wa visiwa hivi tuna mfano wa kwetu. Wamisionari walipofika Zanzibar kutoka Réunion mwaka 1860, wakiongozwa na Padre Armand Fava, walikuja na masista, na miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyaanzisha ni hospitali. Wakatoliki hawakuwapo kisiwani isipokuwa wachache mno. Kwa hiyo wagonjwa waliohudumiwa hawakuwa "wa kwetu" kwa maana ile tunayoitumia sisi. Imani yetu iliingia visiwani ikiwa imeshika bandeji mkononi. Tukiiogopa wodi leo, tutakuwa tumeanza kusahau tulivyofika.

Tena tusijidanganye kwamba sisi ndio tunaowafundisha majirani kutoa. Wao wana zaka na sadaka, na kwenye msiba hapa Madungu wanafika kabla yako hujamaliza kulia. Kama tunataka kufanya jambo la watoto wa Chake Chake, tuwashirikishe. Mchango wa mtaa mzima una nguvu kuliko bango la kikundi kimoja, na hautamtia mtu yeyote wasiwasi.

Hoja ya tatu ndiyo mnayoipenda: "Sisi vijana hatuna hela."

Haya, tuambizane ukweli. Mwaka 1843 askofu wa Nancy kule Ufaransa, Charles de Forbin-Janson, alitaka kuwasaidia watoto wa China. Hakuwaendea matajiri. Aliwaendea watoto. Aliwaomba sala ya Salamu Maria kila siku na sarafu moja kila mwezi. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika tunalolijua kama Utoto Mtakatifu, ambalo wengi wenu mmelipitia mkiwa wadogo, mmeimba na kucheza na kuvaa skafu. Sarafu za watoto wale zilifika mbali. Nyingine zilifika Zanzibar na Bagamoyo, kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto wa Ulaya ambaye hajui Zanzibar iko wapi alimlisha mtoto wa kwetu.

Na pale Roma, hospitali ya watoto ya Bambino Gesù ilianzishwa mwaka 1869 na familia ya Salviati. Inasimuliwa kwamba watoto wa familia hiyo walimpa mama yao kibubu chao, fedha waliyokuwa wakijiwekea, iwe mwanzo wa hospitali. Mwaka 1924 hospitali hiyo ilikabidhiwa kwa Kiti Kitakatifu, na watu leo huiita hospitali ya Papa. Inatibu watoto kutoka nchi nyingi. Ilianzia kwenye kibubu!

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilipokuwa nasoma falsafa nilikuta Aristotle naye anasema jambo linalofanana na hilo: ukarimu haupimwi kwa ukubwa wa kilichotolewa, unapimwa kwa hali ya mtoaji na uwezo wake. Mgiriki wa kale na bibi wa Kiswahili hawakuwahi kukutana, lakini wamekubaliana.

Tupige hesabu. Vijana 20, kila mmoja shilingi 1,000 kwa wiki. Hiyo ni bando la siku, au soda moja na andazi. Kwa wiki ni 20,000. Kwa mwaka wenye wiki 52 ni shilingi 1,040,000. Hizo ni nauli za mama wangapi? Na hapo hatujagusa harusi zetu. Sisi Watanzania tunajua kuchangishana, hakuna asiyejua. Kadi ya mchango wa harusi ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, kamati inaundwa usiku huo huo, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na anayechelewa anakumbushwa kwa jina. Sina ugomvi na harusi, ni sakramenti. Ninachosema ni kwamba ujuzi tunao. Kinachokosekana ni kuamua kwamba mtoto mgonjwa naye ana haki ya kamati.

Sasa, wapendwa, kuna jambo la nne ambalo halikuwa hoja ya mtu, ni langu mimi, na ni zito kidogo. Moyo mwema peke yake hautoshi.

Kisiwa hiki cha Pemba kimeufundisha ulimwengu jambo hilo kwa gharama kubwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 ulifanyika utafiti hapa kwa watoto wadogo, wa umri wa chini ya miaka mitatu. Lengo lilikuwa jema kabisa. Watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu, na kila mtu aliamini kwamba kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku kungewasaidia. Watoto zaidi ya 24,000 walihusika katika sehemu hiyo ya utafiti. Lakini mwaka 2003 wasimamizi wa usalama walisimamisha utoaji wa vidonge vyenye chuma, kwa sababu watoto waliokuwa wakivipata walionekana kulazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la kitabibu la The Lancet: hatari iliongezeka kwa asilimia 12. Mahali penye malaria nyingi, chuma kilichogawiwa kwa kila mtoto bila kumpima kilikuwa na madhara. Wale waliokuwa na upungufu wa kweli, na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa, walifaidika. Baada ya hapo ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulibadilishwa, na watoto wa nchi nyingine wakalindwa kwa sababu ya watoto wa Pemba.

Nasimulia haya kwa heshima kwa familia hizo. Somo lake kwetu ni hili: upendo lazima uulize kabla ya kutenda. Mtakatifu Thomaso wa Akwino anafundisha kwamba busara ndiyo inayoziongoza fadhila nyingine. Bila busara, ukarimu ni kama gari lenye injini nzuri na dereva aliyefumba macho.

Kwa hiyo tukitaka kuchangia wodi ya watoto, hatuanzi na tunachotaka kutoa. Tunaanza na swali kwa uongozi wa hospitali na kwa wauguzi: mnahitaji nini? Pengine ni mashuka. Pengine ni sabuni, au ndoo. Pengine ni nauli, kama dada yetu alivyosema. Usinunue dawa mtaani ukapeleka, dawa zina utaratibu wake. Usipeleke nguo zilizochanika ukaita sadaka. Na nakuomba sana, usipige picha na mtoto aliyelazwa ukaiweka mtandaoni. Yesu aliwatoa watu nje kabla ya kumshika mkono binti Yairo. Alimlindia heshima yake. Wewe unawaingiza watu elfu mbili chumbani, ili wakuone wewe?

Halafu hesabu. Fedha ya watoto ishikwe na watu wawili au watatu, si mmoja. Risiti zitunzwe. Taarifa isomwe hadharani kila mwezi: tumepata kiasi hiki, tumetoa kiasi hiki, kimebaki hiki. Aliyetoa 500 ana haki ya kujua sawa na aliyetoa 50,000. Michango mingi haikufa kwa sababu watu wamechoka kutoa. Ilikufa kwa sababu hawakuambiwa ilikwenda wapi.

Na kama kweli huna hata shilingi, bado una damu. Mtoto mwenye malaria kali au selimundu anaweza kuhitaji kuongezewa damu leo, si wiki ijayo. Damu haitengenezwi kiwandani, hutoka kwa binadamu tu. Ukiwa na umri wa miaka 18 mpaka 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema, unaweza kuchangia: mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Sisi tunaopokea Damu ya Kristo altareni tutaogopaje sindano?

Mtauliza, fulana ziliishia wapi? Tulikubaliana nusu. Fulana zitakuwa za kitambaa cha kawaida bila maandishi ya gharama, na nusu nyingine ndiyo mwanzo wa mfuko wa nauli. Wapo ambao hawajaridhika mpaka leo, na nawaheshimu, kwa sababu walichangia kwa jasho lao. Lakini hata mmoja wao aliniambia, "Frateri, fulana nitaivaa, ila sitaisahau ile benchi." Mimi hilo naliita neema.

Wiki hii nakupa kazi tatu. Moja, soma tena Marko 5 polepole, usimame kwenye aya ya 26 na ya 43. Mbili, nenda kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe, uulize wanahitaji nini kwa ajili ya watoto, na usiahidi kitu usichoweza. Tatu, tafuta wenzako wanne, muanze na kibubu kimoja chenye funguo mbili.

Usisubiri uwe tajiri, wala usisubiri kikundi kizima kikubali. Wale waliokuwa chumbani kwa Yairo walikuwa watano tu, na hao ndio walioambiwa.

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyemshika mkono mtoto na kumrudisha kwa wazazi wake, waangalie watoto wote waliolala wodini usiku huu, hapa Pemba na kila mahali. Wape madaktari na wauguzi nguvu ya mikono na utulivu wa moyo. Watie moyo akina mama walio mbali na nyumbani. Na sisi utufumbue macho, tuione sehemu ya kazi uliyotuachia, tuifanye bila kelele. Amina.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri, Madungu, Pemba